Maswali ya Wasomaji: Kalamu iliyogoma, ng'ombe aliyeharibika na mengine ya kuandikia kwenye tableti

Mwezi huu tumekusanya barua za wanaoandika kwa tableti: wanafunzi, walimu, wanaonakili tenzi na wenye riwaya isiyokwisha. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Bei hatutaji, maana maduka ya hapa mjini Mombasa yanapishana mno, na aliye hodari wa kupatana hulipa bei yake mwenyewe.

Kalamu mpya, tableti haiitambui

*Nina Galaxy Tab A9+. Nimenunua S Pen mjini, ikiwa bado kwenye pakiti. Nikigusa skrini haitoi hata nukta. Muuzaji anasema niichaji kwanza, lakini sioni pa kuchomeka kebo. Nimeuziwa feki?* (Mwanafunzi, Kisauni)

Huenda kalamu ni orijino na tableti ni nzima, ila haziendani. S Pen, kalamu ya Samsung, haihitaji betri ili iandike. Chini ya kioo cha tableti zinazoikubali kuna tabaka linalotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu mna koili ndogo inayouitikia. Tab A9 na A9+ hazina tabaka hilo, na hakuna sasisho wala programu itakayoliongeza. Zipo S Pen zinazochajiwa, lakini chaji hiyo ni ya vitufe vya kuamrisha kwa mbali, haihusiki na wino.

Ukiipenda kalamu hiyo, tableti zake ni kama Tab S6 Lite na Tab S9 FE, ambazo huuzwa na kalamu yake ndani ya boksi. Boksi la S6 Lite likiwa halina kalamu, uliza imekwenda wapi kabla hujatoa pesa. Kwa tableti uliyonayo, kinachofanya kazi ni kalamu inayojifanya kidole. Ile ya ncha ya mpira mnene ni rahisi na haiharibiki, lakini huoni unapoandika. Ile ya ncha nyembamba yenye betri ndani hukuonyesha vizuri zaidi. Zote mbili zina dosari moja: skrini haitofautishi ncha na kiganja. Ukilaza mkono kama unavyoulaza juu ya daftari, mistari ya ajabu inatokea pembeni. Kupigia mstari na kutia saini zinatosha, kuandika kurasa kumi za mhadhara hazitoshi.

Kwa upande wa iPad mtego ni mwingine: kalamu zote za Apple zinafanana kwa jina. Apple Pencil ya kwanza, ya 2015, ndiyo inayokwenda na iPad ya kizazi cha 6 hadi cha 9. Ya pili, ya 2018, inayojibandika ubavuni kwa sumaku, haifanyi kazi kwenye iPad ya kawaida ya kizazi chochote, hata ile ya kizazi cha 10 yenye umbo jipya; ni ya iPad Air ya 4 na ya 5, mini ya 6 na baadhi ya iPad Pro. Ya USB-C, ya 2023, inakwenda na iPad zote zenye tundu la USB-C lakini haihisi mkandamizo, yaani ukikaza mkono mstari haunenepi. Kwa kuandika hati hilo halina neno. Mchoraji na mwandishi wa khati ndio watakaolikosa. Anayenunua Pencil ya kwanza iliyotumika aiombe iandike papo hapo, kwa sababu ikikaa miezi bila chaji betri yake huweza kufa moja kwa moja.

Zipo pia kalamu za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa iPad za kuanzia 2018. Nyingi zinakuruhusu kulaza kiganja na kwa maandishi zinafaa sana. Hizo usizipeleke kwenye Samsung.

Dukani nenda na tableti yenyewe. Fungua programu ya kuchora, weka rula mshazari na uburute kalamu polepole kuifuata. Kalamu hafifu hutoa mstari wa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yatakayokupotosha herufi ndogo. Kisha laza kiganja uandike jina lako mara tatu, na mwisho gusa pembe zote nne za skrini. Kama tayari una kava yenye sumaku, jaribu ikiwa imevaliwa. Sumaku iliyokaa vibaya huacha sehemu ambapo S Pen haiandiki, na mtu hudhani kioo kimekufa.

Maoni yetu ni kwamba kalamu ndicho kifaa kinachonunuliwa bure kuliko vyote. Kama maandishi yako ni ya kupiga chapa, pesa hizo zitie kwenye kibodi.

"Ngómbe" na "ngámbo"

*Salaam. Nanakili tenzi za marehemu babu kutoka madaftarini. Nikigusa kioo kwa vidole maneno yanatoka sawa. Nikiunganisha kibodi ya Bluetooth, "ng'ombe" anatoka "ngómbe" na "ng'ambo" inakuwa "ngámbo". Tena "kama" hugeuka "karma".* (Dada wa Mji wa Kale)

Kibodi yako ni nzima, dada. Tableti imeipa mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ambao kitufe cha ritifaa (') hakitoi kitu kinapobonyezwa: husubiri irabu inayofuata kisha huivisha alama. Lugha nyingine zinaihitaji, ila kwetu huila *ng'* yote. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya lugha na uingizaji (kwa Samsung iko ndani ya usimamizi wa jumla), fungua kibodi halisi, gusa jina la kibodi yako na uchague Kiingereza cha Marekani cha kawaida, pasipo neno "kimataifa". Kibodi lazima iwe imewashwa na imeunganishwa wakati huo, la sivyo jina lake halionekani. Ukiona pia kwamba @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali, basi tableti inadhani kibodi yako ni ya Kiingereza cha Uingereza, na dawa ni hiyo hiyo.

Kurasa zilizokwisha kuharibika usizirekebishe moja moja. Tumia tafuta-na-badilisha mara tano: "ngá" iwe "ng'a", "ngé" iwe "ng'e", na vivyo hivyo kwa i, o na u. Weka "ng" mbele kila mara ili jina la kigeni lenye alama halali lisiguswe.

Kwa iPad kuna jambo la ziada. Ina mpangilio uitwao "Smart Punctuation", ndani ya "General" kisha "Keyboard", unaogeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho zinakaribiana, lakini zikichanganyika ndani ya faili moja, katika programu nyingine ukitafuta "ng'ambo" utaonyeshwa nusu tu. Uzime kabla ya kuanza kazi ndefu.

Ama "karma", hiyo ni kazi ya kisahihishi cha Kiingereza. Kwenye Gboard, kibodi ya kioo ya Google, ongeza Kiswahili (kipo cha Kenya na cha Tanzania), halafu zima kujisahihisha na uache mapendekezo tu. Kwa tenzi, hata kisahihishi cha Kiswahili kitakusumbua: *mato*, *nti* na *ndia* za Kimvita kitaziona makosa na kukuvutia kwenye *macho*, *nchi* na *njia*, na hapo vina vya babu vimekwenda. Maneno hayo yatie kwenye kamusi ya binafsi ndani ya mipangilio ya kibodi, kila unapokutana nayo.

Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

*Naandika mawaidha kwa khati ya Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili. Napataje "p", "ch", "g" na "v"? Na kwa nini nukta ya mwisho wa sentensi hurukia upande usio wake?* (Maalim, Kibokoni)

Maalim, herufi hizo zimefichwa ndani ya kibodi ya Kiarabu ya kioo. Shikilia ب mpaka kisanduku kitokee uchague پ. Kwa چ shikilia ج, kwa ڤ shikilia ف, na kwa گ shikilia ك. Wapo wanaoona usumbufu wakahamia kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu kwa sababu پ na چ ziko mbele mbele. Hatulishauri hilo. Kibodi hizo zina kafu na yee zenye namba tofauti ndani ya kompyuta, ingawa katikati ya neno zinaonekana sawa na zako. Ukianza na moja ukamaliza na nyingine, utafutaji utakataa, na yee ya mwisho wa neno itapoteza nukta zake mbili.

Nukta hurukia upande wa pili kwa sababu aya imehesabiwa kuwa ya kushoto kwenda kulia. Katika Word, chagua mwelekeo wa aya kwanza ndipo uandike. Programu nyingi za maandishi matupu huamua zenyewe kwa herufi ya kwanza ya aya, basi usianze aya kwa neno la Kilatini. Jina la Kilatini likilazimika, lisogeze katikati ya sentensi.

Mwandiko (fonti) tunaoupendekeza ni Amiri au Scheherazade New. Zote ni za bure, na zina پ چ گ ڤ, kwa hiyo hutaona visanduku vitupu. Ikiwa ni shairi lenye vipande viwili katika mstari, weka jedwali la safu mbili lisilo na mistari. Usivitenganishe kwa nafasi: ukibadilisha ukubwa wa mwandiko vyote vitapinda.

Word inadai pesa

*Tableti yangu ni ya inchi 10.4, ya mwenzangu ni ya inchi 8.7. Kwake Word inaandika bure, kwangu inafungua faili lakini hainiruhusu kuhariri. Nyumbani sina Wi-Fi. Nitumie programu gani kwa kitabu cha kurasa mia mbili?* (Mwalimu, Likoni)

Mwalimu, Microsoft imeweka mpaka kwenye ukubwa wa skrini: hadi inchi 10.1 unahariri bure, ikizidi hapo unatakiwa usajili wa Microsoft 365. Ndiyo maana ya mwenzako imepita na yako imekwama.

Google Docs haina mpaka huo. Hofu ya wengi ni intaneti, lakini inaandika bila mtandao mradi uliiandaa. Ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya shule, gusa vitone vitatu kando ya jina la faili na uchague ipatikane nje ya mtandao, kisha subiri alama ya tiki. Watu husahau subira hiyo. Wanafunga tableti papo hapo, wakivuka feri na kufika nyumbani wanakuta faili haifunguki. Kosa jingine ni kuhariri faili moja kwenye tableti na kwenye simu, vyote viwili vikiwa nje ya mtandao. Vitakapokutana, aya zitaingiliana. Chagua kifaa kimoja cha kuandikia na kingine kiwe cha kusoma.

Kwa mwenye Android ya RAM ya GB 3 au 4, hati ya kurasa mia mbili itaanza kukwama: unabonyeza, herufi inakuja baadaye. Gawa kitabu, sura moja faili moja, na uyape majina yanayojipanga yenyewe: 01-utangulizi, 02-bandarini, na kuendelea. Sufuri ya mbele usiiache, bila hiyo sura ya 10 hukaa juu ya sura ya 2.

Tungekuwa na kitabu cha kuanza leo, rasimu tungeiandika kwenye programu ya maandishi matupu. Markor ya Android ni ya bure, haina matangazo, haihitaji intaneti, na huhifadhi faili za kawaida kwenye folda unayoiona mwenyewe, ambazo kompyuta yoyote itazifungua. Haina kurasa, haina rangi, na hilo ndilo zuri lake, maana hakuna cha kuchezea. Ikibidi kupanga kurasa, tumia Collabora Office, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya LibreOffice, programu ya ofisi ya kompyuta. Kwa kidole inachosha, ukiwa na kibodi inavumilika. WPS inafahamika sana mjini kwetu na inafungua faili za Word vizuri, ila matangazo yake hukatiza kazi. Mwenye iPad anayo Pages bila malipo. Scrivener, inayosifiwa na watunzi wa riwaya, ipo kwa iPad, iPhone na kompyuta tu, kwa hiyo wa Android asiitafute.

Na bando lisikutishe. Herufi moja ya Kiswahili hula baiti moja, hivyo maneno 80,000 ni kama nusu megabaiti hivi. Kinachomaliza data ni masasisho ya programu na picha zinazopanda zenyewe kwenye akaunti. Yazuie hayo yasubiri Wi-Fi, maandishi yaache yapite. Akaunti ya Google hukupa GB 15 bure, nafasi ambayo barua pepe, picha na faili hugawana. Barua pepe na picha zikiijaza, hata faili mpya huzuiwa kupanda. Mara moja kwa wiki nakili folda nzima kwenye flashi ya USB-C, kisha uitoe kwa kitufe cha kuondoa, usiichomoe tu.

Kibodi ya kava au ya pekee?

*Naandika ripoti kila siku. Ninunue kava lenye kibodi au kibodi ya kuweka mezani? Niliyonayo hurudia herufi na asubuhi hukataa kuungana.* (Karani, Changamwe)

Unaandika mezani kila siku, basi chukua ya pekee. Kava lenye kibodi linamfaa anayeandikia mapajani au ndani ya matatu, lakini limefungwa kwa umbo la tableti moja: siku ukibadilisha tableti, na kava limekufa. Ya pekee itakufuata miaka. Mfano wa Logitech K380 hukumbuka vifaa vitatu, unaruka kutoka tableti hadi simu kwa kitufe kimoja, na hutumia betri mbili za AAA zinazopatikana kila duka.

Pima kwa rula kabla ya kulipa: kutoka katikati ya Q hadi katikati ya P. Kibodi kamili ina takriban milimita 171. Ikishuka chini ya sentimita 16 vidole vitagongana, na ripoti ya kurasa tano itakutoa jasho.

Kuungana: zima kibodi, iwashe, shikilia kitufe cha kuunganisha kwa sekunde tatu hivi hadi taa imemete haraka, kisha chagua jina lake kwenye tableti. Ikionyesha tarakimu, zipige kwenye kibodi yenyewe umalizie na Enter, hata kama huoni chochote kikiandikika. Ikiwa iliungana jana na leo inakataa, mara nyingi imeshikana na simu iliyo mfukoni. Zima Bluetooth ya simu ujaribu tena. Bado? Futa jina lake kwenye tableti, uanze upya. Kwa kibodi nyingi za bei nafuu, vitufe vikileta vitu vya ajabu, bonyeza Fn pamoja na Q, W au E. Hapo unachagua kama inaongea na iPad, Android au Windows.

Kurudia herufi kwanza shuku betri. Zikiwa mpya na bado inarudia, tazama kama umechomeka flashi ya USB 3 karibu, kwa sababu kelele yake huingilia mawimbi yale yale ya Bluetooth. Isogeze kwa kebo fupi. Na herufi ya kwanza ikipotea kila unaporudi kutoka kunywa chai, hiyo si hitilafu, kibodi ilikuwa imelala. Gusa Shift, hesabu mbili, andika.

Tableti nayo usiilaze mezani, shingo italipa. Fundi seremala anaweza kukukatia stendi ya mbao mbili zinazopachikana kama marfaa, iweke juu ya vitabu viwili vitatu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Acha mwanya wa kebo ya chaji upande wa chini. Wengi wanaokata stendi husahau mwanya huo.

Umeme ukikatika

*Pawabanki yangu ya 10,000 mAh haijazi tableti ya 7,040 mAh hata mara moja. Imechakaa?* (Bamburi)

La. Namba hiyo ya 10,000 ni ya betri iliyo ndani, kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa (Wh) 37. Kupandisha hadi volti 5, na joto la njiani, hula kama theluthi. Zinabaki Wh 25 hivi, na tableti yako inataka kama 27. Ya 20,000 itakupa karibu mara mbili, au mara moja na nusu kwa iPad ya kizazi cha 9 ambayo betri yake ni Wh 32.4. Angalia pia nguvu ya tundu: la volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10 tu, na hapo kujaza kunapita saa tatu. Tafuta USB-C ya wati 18 au zaidi. Giza likikukuta na chaji kidogo, punguza mwanga wa skrini kwanza, kisha washa hali ya ndege na urudishe Bluetooth peke yake.

Ufukweni

*Naandikia kibaraza kinachotazama bahari, Shanzu. Tableti inasema kuna unyevu kwenye tundu la chaji, wakati haikuguswa na maji. Na mchana sioni kitu kwenye skrini.*

Upepo wa bahari una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na ukungu huo ukikaa juu ya pini hupitisha umeme. Chomoa kebo, elekeza tundu chini uigonge taratibu kwa kiganja, uiache mahali penye hewa angalau nusu saa kabla ya kujaribu tena. Usitie pamba, usitie kijiti, wala usiizike kwenye mchele: vumbi la mchele ndilo litakaloziba tundu. Ukiilazimisha kuchaji ikiwa na chumvi, pini huota kutu ya kijani, na hapo ni tundu jipya kwa fundi. Jioni ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na zile pini za nje zinazoungana na kava la kibodi zipanguse kwa kikavu tu. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya vitie kwenye mkoba wa tableti.

Kwa mwanga, kaa ukiwa na ukuta nyuma yako, anga lisijitazame kwenye kioo, na tumia herufi nyeusi juu ya nyeupe. Ukurasa mweusi juani hugeuka kioo cha kujitazamia. Kama umevaa miwani ya jua yenye polaroidi, izungushe tableti robo duara, kwani huenda giza ni la miwani. Protekta ya kuzuia mng'ao inasaidia, ila hutia herufi chembechembe na hula ncha ya kalamu upesi. Apple inaitaka iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Mwezi wa Februari kivulini tuko chini kidogo ya hapo. Juani, au ndani ya gari lililofungwa, tumepita mbali.

Kuandika kwa sauti

*Je, tableti inaelewa Kiswahili kikisemwa?* (Tudor)

Ndiyo, Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka wa 2017. Kwenye Gboard chagua Kiswahili, gusa maikrofoni, sema sentensi nzima badala ya neno moja moja. Bila intaneti usiitegemee. Nukta na mkato tia kwa mkono baadaye. Ukichanganya Kiingereza katikati, kama tunavyoongea sote, itabahatisha. Kwa rasimu ya hotuba inafaa, kwa shairi ni kujitafutia kazi.

Tableti ya mkono wa pili

*Nimepata iPad ya mtu, Mtwapa, bei nzuri. Niangalie nini?*

Kabla ya kioo, angalia akaunti. Mwenyewe aingie kwenye mipangilio mbele yako, atoke kwenye akaunti yake ya Apple kwa nenosiri, kisha afute kila kitu. Iwake upya hadi ukurasa wa salamu, uunganishe Wi-Fi ya simu yako. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, irudishe mkononi mwake. Huwezi kuifungua, na fundi anayedai anaweza atakuuzia matatizo. Android ni vile vile: akaunti ya Google itolewe kwanza ndipo ifutwe, la sivyo itamtaka mwenyewe wa zamani.

Pili, tazama kizazi. Ya 6 iliishia mfumo wa iPadOS 17 na ya 7 ikaishia 18. Kwa kuandika bado zinafanya kazi, lakini programu mpya zitaanza kuzikataa. Tungeanzia ya 8. Hifadhi ya GB 32 ni finyu, tafuta 64 ukiweza. Chomeka chaja yako uone asilimia ikipanda, kisha fungua programu ya kuandika na ubonyeze kila herufi ya kibodi ya kioo, kutoka Q hadi M. Kioo kilichobadilishwa vibaya mara nyingi huwa na mstari mmoja usiohisi kidole, na ukipita juu ya safu ya herufi unazozitumia zaidi utaujutia kila siku.